Viatu vya Mlima kwenye Barabara ya Lamadi

Dutwa,
Jumatatu, Agosti 2025.

Shangazi yangu mpendwa Kabula,

Mwangaluka, mayu. Ungekuwa mbele yangu ningekusalimu kwa kupiga magoti kama ulivyonifundisha, lakini kwa kuwa tuko mbali, pokea salamu hizi za karatasi kwa heshima ileile. Miguu yako inaendeleaje? Dorkasi, huyu mchuuzi anayekuja huko kwako kununua dagaa, aliniambia magoti yanakusumbua wakati wa baridi, na kwamba hata hivyo bado unaamka mapema kuanika dagaa kabla ya wenzako wote. Wajukuu zako nawasikia tu kwake. Nawasalimu kwa majina yao, mmoja mmoja, ingawa hawanijui. Sisi huku ni wazima, namshukuru Mungu, ila mmoja wetu hayuko sawa, na huyo mmoja ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Najua ulisema mtu yeyote wa nyumba ya kaka yako Mashimba asikutafute. Nilipokupigia simu mwaka juzi, nikataja jina la baba, ukakata. Sikukasirika, Shangazi. Ningekuwa wewe ningeitupa na simu yenyewe ziwani. Ndiyo maana nimempa Dorkasi barua hii mkononi akuletee pamoja na magunia yake matupu. Nakuomba usiichane kabla hujafika mwisho, kwa sababu mwishoni kuna swali, na jibu lake unalo wewe peke yako. Dorkasi atarudi Dutwa Alhamisi. Baba anataka kuondoka Jumamosi, na hali aliyo nayo sasa, safari hiyo ama itamponya ama itamzika.

Naomba nianzie nyuma kidogo ili unielewe.

Baba ametimiza miaka sabini. Mwezi wa pili, baada ya misa, alisimama Januarius, mwalimu wa michezo hapa sekondari ambaye amewahi kupanda Mlima Kilimanjaro zaidi ya mara moja. Akatangaza kwamba parokia inaunda kikundi cha kupanda mlima huo mwezi wa tisa, watu wakishamaliza mambo ya pamba. Akasema umri si hoja, hoja ni maandalizi. Hajafunga mdomo, mkono ukanyooka benchi la mbele. Wa baba! Watu wakacheka. Padre naye alicheka akajifunika kwa kitabu cha nyimbo. Baba hakucheka. Alisimama akasema kwamba alipokuwa kijana anasomea mifugo Tengeru, asubuhi zisizo na mawingu alikuwa akiuona mlima ule, na alijiapiza kwamba hatakufa kabla hajafika juu yake. Mimi nilikuwa nimekaa upande wa akina mama, nikatamani sakafu ya kanisa inimeze.

Kaka Method alipopata habari huko Mwanza alinipigia simu akanifokea kana kwamba baba ni mtoto wangu niliyeshindwa kumlea. Alisema tunamuua mzee, na akaniamuru nimzuie. Nimzuieje, Shangazi? Mtu aliyekuwa akimwangusha dume la ng'ombe kwa mikono yake akamchoma sindano, mimi fundi cherehani nimzuie kwa futi yangu ya kupimia? Nikaona dawa ni moja tu. Nikajiandikisha na mimi, mimi ambaye safari yangu ndefu ni kutoka kwenye cherehani hadi jikoni. Nilijiambia kama atadondoka, basi asidondoke peke yake.

Mazoezi ya kwanza yalikuwa kwenye kile kilima cha mawe ambako zamani mlikuwa mnakata kuni. Januarius alituambia tupande polepole sana, mwendo wa mtu anayeweza kuongea na mwenzake bila kuhema. Sasa mwambie Msukuma atembee polepole mbele ya wenzake! Wewe unatujua. Kwetu watu wakilima pamoja na ngoma inapigwa, hakuna anayekubali kubaki nyuma kwenye tuta, hata kama mgongo unakatika. Basi wanaume wakaondoka na kilima kile kama wanaondoka na shamba la mtu. Mmoja akaanzisha wimbo wa kulima, wengine wakaitikia, na baba mbele kabisa na fimbo yake. Nilimwita mpaka sauti ikanikauka. Katikati ya kilima mmoja alilala chali, mwingine akatapika ugali wake wote. Baba alifika juu, lakini nilipomkuta alikuwa ameegemea jiwe, midomo ina rangi ya majivu, na hakuweza kunijibu. Yesu wangu! Nilimpepea kwa kanga huku nalia na kumtukana kwa pamoja.

Januarius hakupiga kelele. Alisubiri wote wakapata pumzi, kisha akasema kwamba mlima huanza kuwaangusha wanaotangulia. Alisema kule juu hewa ni nyepesi, na haijali ulikuwa hodari wa jembe kiasi gani. Vijana wenye vifua vipana hurudishwa kwenye machela, na vikongwe wanaotembea kama wanasindikiza maziwa yasimwagike hufika. Unapanda kidogo, unalala, mwili unazoea, unapanda tena. Unakunywa maji kabla ya kiu. Na jambo kubwa kuliko yote, alisema, ni kusema mapema panapouma. Ukisikia kichwa kinagonga, sema. Ukisikia kichefuchefu, sema. Kinachoua watu mlimani ni kuficha.

Baba aliyapokea yote isipokuwa hilo la mwisho. Aliguna tu, akatazama pembeni. Nilidhani ni ule ubishi wake wa siku zote.

Shangazi, lazima nikuchekeshe kidogo kabla sijafika kwenye mazito. Method alimtumia buti za mlima kutoka Mwanza, maana alipoona ameshindwa kumzuia akaona heri asiende na katambuga zake za tairi. Baba akazipaka rangi, akazirudisha kwenye boksi, akaliweka juu ya kabati. Eti zitavaliwa siku ya mlima, mpya kabisa, kama viatu vya bwana harusi! Januarius aliposikia alishika kichwa. Akamweleza kwamba kiatu kisichomjua mwenye mguu kitamchuna ngozi siku ya kwanza na kumrudisha nyumbani siku ya pili. Kuanzia hapo mzee akawa hazivui buti. Mnadani buti, kanisani buti, kukamua ng'ombe buti. Watoto wa sokoni wakaanza kumpigia saluti. Malengelenge yalimtoka, yakapona, yakamtoka tena, mpaka mguu na kiatu vikapatana.

Chakula cha njiani tulibeba matobolwa ya viazi vitamu na karanga, na binti mmoja, Joyness, mdogo kuliko wote kikundini, aliyekuja na biskuti zake, akaishia kutuomba. Begi la baba nililijaza pumba za mahindi ili azoee mzigo, kila wiki naongeza kidogo. Kufikia mwezi wa sita alikuwa anatembea kwa utulivu ambao sijawahi kuuona kwake, hatua baada ya hatua, pumzi imetulia, kijasho chembamba tu. Joyness analalamika magoti, baba anamwambia apunguze mwendo. Nilianza kuamini, nikasema moyoni huyu mzee atafika kweli.

Lakini kulikuwa na jambo moja lililonikosesha raha. Siku ambazo kikundi hakikukutana, baba alifanya mazoezi mwenyewe asubuhi, na siku zote alishika upande mmoja, barabara ya Lamadi. Upande wa Bariadi kuna miti, kuna mama anauza chai, kuna watu wa kusalimiana nao. Hakwenda huko hata mara moja. Alikwenda upande wako mpaka kwenye lile daraja dogo la korongoni, pale barabara inapokata kona. Anasimama. Anaangalia mbele. Anageuka. Januarius alipotuongezea umbali, baba alikubali kwenda na kurudi kati ya nyumbani na daraja mara nyingi mpaka watu wakamshangaa, kuliko kulivuka. Nilimuuliza kulikoni. Akasema kwa leo inatosha.

Asubuhi moja nilimfuata kwa mbali. Nikamkuta ameketi ukingoni mwa daraja, mkono kifuani, macho barabarani, na mashavu yamelowa. Nilikimbia roho juu. Akasema ni vumbi. Vumbi gani, na mvua ilikuwa imenyesha jana yake? Nikajua ni moyo. Nikajua anauficha, kama alivyoonywa asifanye.

Nikamshtaki kwa Januarius, na Januarius akasema mtu yeyote, awe kijana awe mzee, haendi mlimani bila kupimwa na daktari. Baba akagoma. Alisema anayepimwa kwa lazima ni ng'ombe. Tuligombana, Shangazi, mpaka majirani wakaja. Nilimwambia asipokwenda hospitali nitazitia buti zake jikoni nichemshie maharage. Akaenda kuvaa shati safi.

Daktari tuliyempata Bariadi ni mdada mpole, sauti yake ya chini, lakini haulizi swali bure. Alimpima presha, sukari, moyo kwa ile mashine ya nyaya, mapafu, macho. Kila kipimo nilikuwa nashika rozari yangu mfukoni. Akasema moyo wa baba ni wa mtu wa miaka hamsini. Niliona aibu jinsi nilivyopiga vigelegele mle ndani. Kisha akasema amebakiza majibu ya damu, na akatutaka turudi.

Tuliporudi ndipo mambo yalipogeuka. Daktari alisema baba amebeba nusu ya selimundu, ule ugonjwa wa damu ambao chembe zake hujipinda kama mundu wa kukatia majani. Alisema huku kwetu Kanda ya Ziwa wenye kuubeba ni wengi mno. Mwenye nusu haumwi, analima, anazaa, anazeeka, asijue. Shida ni kule juu sana. Hewa ikipungua, damu ya mtu kama huyo inaweza kuziba bandama. Wengi wamepanda wakashuka salama, alisema, lakini wachache wameharibikiwa wakiwa mbali na msaada, na kwa umri wa baba yeye hawezi kumruhusu. Baba akaanza kubisha, akasema amefanya mazoezi miezi na miezi. Daktari hakubishana. Akamuuliza kama aliwahi kupoteza watoto wadogo.

Baba akasema wawili.

Akamuuliza walikufaje. Shangazi, sijawahi kumsikia baba akiwataja Paschal na Elizabeth tangu nipate akili. Alieleza taratibu, anaangalia sakafu. Vidole vya mikono na miguu kuvimba. Macho kuwa ya njano. Tumbo kujaa upande mmoja. Kulia, kulia, kulia, hasa akishikwa miguu. Daktari akasema waliokwisha kwenda hawezi kuwapima, lakini watoto wa namna hiyo anawaona kila wiki, na ukimweleza hivyo hana shaka. Mtoto huchukua nusu kwa baba na nusu kwa mama, zikikutana ndiyo inakuwa ugonjwa wenyewe. Ule uvimbe ni damu kuziba ndani ya mifupa. Na mimi akanipima palepale. Nami ninayo nusu.

Hapo baba akauliza swali ambalo daktari hakulielewa. Aliuliza kama mkono wa mtu, mtu anayemkanda mtoto kwa mafuta, unaweza kuuleta ugonjwa ule. Daktari akasema hapana, hakuna mkono unaouleta. Akasema mtoto wa hivyo atapiga kelele akiguswa na yeyote, hata mama yake mzazi, kwa sababu mfupa unauma. Baba akauliza tena swali lilelile. Akajibiwa vilevile. Akauliza mara ya tatu. Daktari akanigeukia mimi, na mimi nikainamisha kichwa, kwa sababu nilikuwa nimeshaelewa.

Nilikuwa na miaka saba, Shangazi. Nakumbuka samli uliyokuwa ukiipasha kwenye kigae, harufu yake, na mikono yako mipana. Nakumbuka Paschal analia ukimshika, kisha anatulia, analala mapajani mwako na wewe huthubutu kujinyoosha. Alipokufa yeye, na Elizabeth naye akaanza vilevile, nakumbuka watu wakianza kunong'ona kwamba mtoto analia akiguswa na Kabula. Nakumbuka mganga ameitwa, na uwanja wetu umejaa watu. Nakumbuka umejitwika beseni na mkeka, umeshika barabara ya Lamadi, na hakuna aliyekusindikiza. Kwetu hata aliyekuja kuomba chumvi anasindikizwa mpaka njiani! Nilitaka kukukimbilia, nikashikwa mkono mpaka ukaacha alama. Baadaye tuliambiwa umeolewa na mvuvi, umetusahau. Tangu siku ile kila kilichokuhusu kilipigwa marufuku pale nyumbani, hata jina lako lisitamkwe kwa mtu yeyote. Elizabeth alikufa ukiwa umeshaondoka, na hakuna aliyejiuliza imekuwaje.

Tuliporudi kutoka hospitali baba alivua buti, akazirudisha kwenye boksi. Hakula siku ile, wala kesho yake. Method alifurahi kwenye simu, akasema afadhali mambo ya mlima yameisha, sasa mzee atatulia. Mimi niliona anavyotulia. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake, uji unapoa, ndama wanalia hawajafunguliwa, yeye yupo tu. Shati lilianza kumpwaya. Januarius alikuja kumpa pole. Jamaa mmoja wa kikundi, simtaji, akamnong'oneza kwamba wako wapandishaji mlima wasiouliza karatasi za daktari. Niliyasikia kwa masikio yangu, nikamtimua na ufagio.

Ijumaa iliyopita asubuhi niliamka, kiti kitupu. Boksi juu ya kabati, tupu. Begi halipo.

Shangazi, sikunawa hata uso. Nilijua amekwenda Moshi. Nilikimbilia stendi na kanga moja, nikamuuliza kila kondakta, hakuna aliyembeba. Nikampigia Method, akaanza kunilaumu, nikamkatia. Nikamwona ameshapandishwa kule kwenye barafu na watu wasiojali, ameshika ubavu, hasemi panapouma, maana yeye hasemi. Nikaanza kuomba sala ya marehemu, kisha nikajizuia. Ndipo nikakumbuka daraja.

Alikuwa pale. Amesimama mwanzo wa daraja na begi mgongoni, ameganda. Nilimfokea maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi wake. Aliniacha nikamaliza, kisha akaniambia niketi. Alinieleza mambo ambayo sasa nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu amenikataza nisiyalainishe.

Haikuwa mama, Shangazi.

Najua umeishi miaka yote hii ukiamini ni mama Veronica aliyekushtaki, kwa sababu yeye ndiye aliyekuja kibandani kwako kukuambia uondoke. Ndiyo maana hukuja kumzika. Baba amesema yule mganga hakumtaja mtu. Alisema tu adui yuko ndani ya boma. Watu walipokusanyika wakauliza ni nani, baba ndiye aliyefungua mdomo akasema jina lako. Alisema kwa sababu alikuwa na uchungu, na kwa sababu aliogopa kwamba asipomtaja mtu watamtaja mke wake. Mama alimshika shati mbele ya watu. Alimwambia mikono ya Kabula ndiyo pekee inayomlaza mtoto huyu. Baba akamsukuma. Kisha, kwa kuwa hakuweza kukutazama usoni, akamtuma mama huyohuyo akakuambie. Mama alikwenda akilia, na wewe ukadhani analia kwa unafiki.

Mama alikubali kubeba lawama ile, hakuwahi kuitua. Siku ya mazishi yake watu walinong'ona kwamba wifi yake hakuja kwa sababu marehemu alimfukuza, na baba aliyasikia, akanyamaza. Alikunyamazia wewe, akamnyamazia mama kaburini. Baba yangu nampenda, lakini siku ile darajani nilishindwa kumshika mkono.

Akaniambia kwamba alisimama pale siku unaondoka. Alikufuata nyuma kwa mbali, akakutazama mpaka ulipopita kona, na miguu ikakataa kuvuka. Huo mlima, alisema, aliutaka kwa sababu alitafuta jambo gumu kuliko yote ambalo mzee anaweza kufanya. Alipanga afike juu kabisa, alitaje jina lako, aombe msamaha kule. Mungu anisamehe, hapo nilicheka kwa hasira. Nilimwambia kulitaja jina la Shangazi kwenye barafu ni rahisi, maana barafu haina macho. Nikamwambia mgumu si ule mlima, mgumu ni huu ulio mbele yake, na ni tambarare tupu. Akasema Januarius alimfundisha kusema mapema panapouma, na yeye amechelewa mno, lakini panauma hapa.

Sasa swali lenyewe, Shangazi.

Baba ameachana na Kilimanjaro. Amejitoa mwenyewe mbele ya kikundi, na amewaeleza sababu yote bila kujificha, Joyness akalia mpaka akatolewa nje. Anataka kuja kwako. Hataki basi wala pikipiki. Anataka kuja kwa miguu, kwa buti zile, kwa mwendo ule wa kutomwaga maziwa, njia uliyoipita wewe na beseni kichwani. Mimi nitakuwa naye, nimebeba maji na matobolwa, na tutalala njiani kwa watu wa parokia. Haombi kuingia ndani. Anasema jina lako alilisema mbele ya watu, kwa hiyo atalisafisha mbele ya watu, uwanjani kwako, majirani zako wakisikia, na jina la mama pia. Hataki umsamehe ili apone. Ukimwambia ageuze, atageuza.

Je, tuje?

Ukisema hapana, mwambie Dorkasi neno hilo moja tu, huna haja ya kueleza. Nitalifikisha kwa baba mimi mwenyewe, na nitaona atakula au hatakula, lakini hutasumbuliwa tena na mtu wa kwetu. Ukisema ndiyo, tutavuka daraja Jumamosi asubuhi. Naogopa, sikufichi. Naogopa jibu lako, na naogopa miguu yake itakataa tena pale korongoni. Kila ninaposhona nachoma kidole.

Nisalimie watoto na wajukuu. Wabeja sana kwa kusoma mpaka hapa, na kwa samli yote ile ambayo hakuna aliyewahi kukushukuru. Baba amepita hapa sasa hivi, buti miguuni, akaniuliza barua imefika wapi. Nimemwambia imebaki sahihi. Akaniomba nisisaini Benedikta. Akasema nisaini kwa jina nililopewa siku niliyozaliwa, lile alilokataza mwenyewe mtu yeyote asiniite nalo tena. Jana aliniita nalo kutoka uwanjani, kwa sauti kubwa, majirani wote wakageuka. Nilichelewa kuitika, nilikuwa nimelisahau. Kisha niliitika.

Nipokee, Shangazi. Ni mimi wajina wako,

Kabula.